Kona Inayopitika

Ule mchezo sikuupenda tangu siku ya kwanza nilipouona, na sababu yangu ilikuwa ndogo tu: ulimfanya kaka yangu anyamaze. Kaka hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa dereva, na dereva wa kwetu akikosa la kusema huisema barabara, shimo moja baada ya jingine, kama mtu anayewataja wakwe waliomkosea. Lakini ukimketisha mbele ya ile kompyuta, domo lote linakwisha. Angeweza kukaa pale mpaka chai ipoe na ifanye utando.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chumba cha nyuma cha duka moja mjini Kisii. Kompyuta wakati huo zilikuwa za kutafutwa, na hii ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya hesabu za duka. Mwana wa mwenye duka ndiye aliyeigeuza gari. Jamaa zao wa Uingereza walikuwa wamemtumia usukani wa plastiki, ambao aliubana mezani kwa skrubu, na pedali mbili za kukanyaga, ambazo zilihama-hama sakafuni mpaka tukazitandikia kipande cha gunia. Baba yake alilalamika kwamba duka limegeuka gereji. Huyo mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapohapo mjini, na akikasirika alitukana kwa Ekegusii, lugha yetu Wagusii, tena safi kuliko yangu.

Mzee huyo alinunua vinyago vya mawe vya kijijini kwetu Tabaka na kuvisafirisha ng'ambo. Baba yangu alichonga. Mimi na mama tulivisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka jiwe ling'ae. Kisha kaka alikuja na pikapu ya duka kubeba makreti tuliyoyajaza majani makavu ya migomba, ili twiga wasivunjike shingo njiani. Kando yake aliketi mwana wa mwenye duka, mtoto wa pekee, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kuhesabu vinyago na kazi yake hasa ilikuwa kumwambia kaka namna ya kupiga kona. Walikuwa chanda na pete. Ninalisema waziwazi kwa sababu baadaye watu walilisema kwa kunong'ona, kana kwamba Mgusii na Mhindi kuwa marafiki ni jambo la kutilia shaka.

Mchezo wao ulikuwa na kitu ambacho hata mimi, pamoja na chuki yangu yote, nilikistaajabia. Ndani yake mtu aliweza kutengeneza barabara yake mwenyewe. Mwana wa mwenye duka akaitengeneza yetu, ile inayotoka Tabaka kwenda kukutana na lami. Waliipima wawili wao kwa kamba, mwendo wa mguu, na watu wa kijijini wakadhani serikali hatimaye imekumbuka kuleta lami, jirani yetu mmoja akaanza hata kusogeza ua wake. Kwa kila kipande cha barabara mchezo uliuliza kiwe cha nini: lami, changarawe, matope au barafu. Alichagua changarawe mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye barafu alicheka, akasema kwetu barafu ni ya kuwekea soda.

Kona iliyo mbele ya boma letu ilikuwemo, na ilifanana kabisa. Barabara inateremka na kukata kushoto. Upande wa ndani kuna mtaro, upande wa nje kuna bonde lenye mikaratusi. Hapo ndipo walipobishana. Mwana wa mwenye duka alikuwa amesoma magazeti ya mashindano, akashikilia kwamba mstari ni mmoja duniani kote: unaanzia nje, unagusa ndani, unatokea nje. Kaka alikuwa amejifunza udereva kwenye malori ya majani chai kule Nyamira, ambako mvua ikinyesha barabara huwa kama uji, na yeye alijua njia nyingine: unapeleka magurudumu ya ndani hadi ukingoni mwa mtaro, unauacha mtaro ukushike. Walijaribu mistari yote miwili, mchana mzima, na wakagundua kwamba kwenye kona yetu yote miwili hupita palepale. Walifurahi kama watu waliogundua kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja.

Kaka alikuwa na lawama moja tu juu ya ule mchezo, na siku hizo niliisikia bila kuitilia maanani. Alisema barabara ya ndani ya kompyuta ina uaminifu uliozidi. Inashika sawasawa kila mahali. Barabara ya kweli haishiki hivyo, inakushika hapa na kukuachia pale, na haikwambii.

Palepale ndani ya kona, ambapo mistari yote ilikutana, palikuwa na shimo. Kaka alimlalamikia baba. "Tata," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "hili shimo litanivunjia springi." Na Tabaka hakuna anayeketi akisubiri shimo lijazwe na serikali. Kila boma hujaza lililo mbele yake, na hujaza kwa kilichopo, na kilichopo ni jiwe: makombo ya kuchonga, pua na mikia iliyokatika, na unga mweupe unaobaki chini ya banda. Baba akabeba toroli baada ya toroli, akamwaga, akashindilia kwa gogo mpaka pale pakawa kama sakafu ya sebuleni. Asubuhi yake kaka alipita juu yake, akasimamisha pikapu, akashuka, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. Jua lilikuwa kali, na majirani walisema wangeiga.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni moja, kaka na mwenzake wakiteremka kutoka kwenye machimbo ya mawe na mzigo. Mimi nilikuwa jikoni. Niliisikia ile injini, na mtu aliyelelewa kando ya barabara huijua injini inayokimbia. Haikuwa inakimbia. Niliisikia ikija polepole, kisha sikuisikia, kisha nikasikia miti ikivunjika.

Mwana wa mwenye duka alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Kaka alivunjika mfupa wa bega. Kesho yake, watu wakiwa bado wamejaa barabarani, nilimwona baba akiwa na jembe pale konani, akichimba na kutupa bondeni. Nilidhani anazibua mtaro. Polisi waliandika ajali, wakaenda zao.

Mzee wa duka hakumlaumu kaka hata kwa neno moja. Ingekuwa afadhali angemtukana, kwa Ekegusii au kwa lugha yoyote aliyopenda. Matanga yalipokwisha alimwita, nami nikamsindikiza, na mzee akamfungulia kile chumba cha nyuma, akawasha kompyuta mwenyewe, akamwambia akae. Alitaka kuona mahali mwanawe alipopita. Barabara ilikuwemo ndani, kazi ya mikono ya marehemu, kona na mikaratusi yake. Kaka, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kitambaa, akaendesha mpaka kwenye kona, kwa mwendo uleule, kwa mstari uleule, akagusa ndani.

Akapita. Pikapu ya kwenye kioo ilipinda kona kama ng'ombe anayejua zizi lake, ikaendelea.

"Tena," mzee akasema.

Akapita tena. Aliongeza mwendo, akapita. Alikanyaga breki akiwa amechelewa, nyuma ikayumba kidogo, akapita. Kila aliponusurika, niliona uso wake ukifa. Mzee alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, na kila mara alisema neno lile moja bila kupandisha sauti. Hakuwa mkatili. Alikuwa baba anayetaka kujua, na katika dunia nzima mlikuwa na chombo kimoja tu cha kumjibu, na chombo chenyewe kilikuwa kikisema kwamba mwanawe hakupaswa kufa.

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Bega lilipona, pikapu nyingine ikapata dereva mwingine, na kaka akawa anatoka nyumbani alfajiri kwenda kuketi mbele ya ile kona. Mama alinituma nimpelekee ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, nami nilirudi na sahani ilivyokwenda. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, akawaitikia amina zote, na Sabato iliyofuata akatoroka ibadani akaenda mjini akakuta duka wazi na mzee akimngoja. Alikonda mpaka shati likawa kama limetundikwa kwenye mti. Mama aliichukua dawa ya kunyunyizia kahawa akaifukia nyuma ya choo, bila kutueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Nilimkasirikia. Nilimwambia ule ni mchezo wa watoto, plastiki na stima tu, na kwamba atakufa akitazama katuni. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Inapitika," aliniambia. "Hata kwa mwendo mbaya inapitika. Sasa mimi nilifanya nini?"

Niliogopa. Nilianza kuamka kabla yake asubuhi ili nisikie tu kama anapumua.

Mvua ndefu zilikuwa zimeshika wakati huo. Siku moja ilipokatika kidogo nilitoka bandani nikamwaga beseni langu la kusugulia, yale maji meupe mazito kama maziwa, njiani kuelekea jikoni, nikarudi kuchukua vinyago. Hatua yangu ya kwanza juu ya ile njia ilinitupa. Nilikaa chini, sketi juu, kiboko wa jiwe mkononi, nikacheka. Nilijaribu kuinuka, mguu ukaondoka tena, nikacheka zaidi. Miaka yangu yote vidole vyangu vilikuwa vimeshika unga ule ukiwa na maji, nikijua jinsi kinyago kinavyochomoka mkononi ukikilegeza, na sikuwahi kuufikiria chini ya gurudumu. Kisha nilitazama barabarani, kwenye kona, na kicheko kikanikauka.

Baba alikuwa ameketi bandani na tupa yake. Tangu ajali alikuwa akisugua sikio moja la kiboko mmoja, na lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi. Alikuwa ameniona nikianguka. Nilimwendea nikiwa na matope yangu, nikamuuliza lile shimo alilijaza nini.

"Unajua nililijaza nini," alisema.

Nilimuuliza tangu lini amejua. Akasema tangu jioni ileile, alipoteremka kwenda kuwatoa na miguu ikamponyoka palepale. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo binti wa Kigusii hamtolei baba yake, anawezaje kumtazama mwanawe akiondoka kila alfajiri na asiseme kitu. Hakunikemea. Aliiweka tupa chini.

"Amempoteza rafiki," alisema. "Nikimwambia, atampoteza na nani tena?"

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa wakati mmoja. Nilienda nikanawa miguu. Yeye alikuwa anahofia mwana asimpoteze baba, na mimi nilikuwa nahofia tusimpoteze mwana, na katika hofu hizo mbili niliichagua yangu.

Siku iliyofuata niliingia kile chumba cha nyuma nikakuta kaka peke yake, mzee yuko mbele na wateja. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati na nilisali stima isipotee. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipomwona shingo yake, mifupa yote nje, jina la baba lilikataa kutoka. Nikamwambia tu afungue pale wanapotengenezea barabara.

"Ndani ya kona, palepale unapogusa," nilisema, "weka barafu."

Aliniuliza barafu gani, Kisii. Nikamwambia aweke tu, kidogo, upana wa shimo. Aliweka kwa sababu hakuwa tena na nguvu za kubishana. Kisha akarudi juu kwenye mteremko, akaja kwa mwendo uleule, kwa mstari uleule, akagusa ndani.

Pikapu iliachia. Haikuyumba, haikupiga kelele. Mbele iliendelea kwenda ilikokuwa ikienda ingawa usukani ulikuwa umepindwa kushoto, ikavuka barabara taratibu, ikaingia kwenye mikaratusi. Kaka aliondoa mikono kwenye usukani akaiweka hewani, na akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo hasa. Akarudia. Alikuja polepole zaidi, akaenda bondeni. Alifunga breki mapema, akaenda bondeni. Aliacha breki kabisa, akaenda. Alipona kwa mstari mmoja tu, wa kupita nje kabisa, kwenye midomo ya bonde, ambako dereva mwenye akili zake hapeleki gari jioni ya mvua. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka, na mimi nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mwendawazimu. Nilimpiga mgongoni. Nilimwambia ale sasa.

Hatukumsikia mzee akiingia. Alikuwa amesimama mahali pake, mikono mgongoni, na alikuwa ameona gari likienda bondeni, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye kile kioo.

"Nani aliweka barafu pale?" aliuliza.

Kaka aligeuka na uso uliojaa nuru, mdomo umeshafunguka kumjibu. Kisha akanitazama mimi, ili nimsaidie kueleza. Alinitazama usoni, halafu akashusha macho mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshika sahani ya chakula. Kwenye kucha zangu na kwenye mikunjo ya vidole kulikuwa na ule weupe wa unga wa jiwe, usiotoka hata unawe kwa nini. Aliutazama kwa muda, na niliiona ile nuru ikiondoka, si ghafla, polepole, kama mtu anayetembea na taa akipita kila chumba cha nyumba.

"Hakuna barafu, Mzee," alisema. "Nilikuwa nachezea tu."

"Rudisha ilivyokuwa."

Akarudisha. Changarawe, mwanzo hadi mwisho, kama marehemu alivyoiacha. Nilifungua kinywa, naye bila kugeuka akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi sahani ikatetemeka.

"Sasa pita," mzee alisema.

Kaka akaniachia mkono, akashika usukani, akateremka. Hakuwahi kuipita kona ile vizuri hivyo. Alianzia nje, akagusa ndani, akatokea nje, na gari likaendelea na safari yake kwenye barabara iliyonyooka.

"Inapitika," kaka alisema. "Umeona mwenyewe. Niliikosea mimi."

Mbele ya duka mteja aliuliza bei ya misumari.

"Basi ni wewe," mzee alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeutua mzigo na kugundua kwamba mgongo bado unauma. Alipita kando yetu, akainama, akachomoa waya ukutani, na kile kioo kikajikunja kuwa nukta kisha kikazimika. Alimwambia kaka asije tena. Tulipopita mbele ya duka alikuwa ameshashika misumari ya yule mteja, na hakuinua kichwa.

Njia nzima ya kurudi nilimwambia kaka kila kitu nilichojua kusema. Nilimwita mjinga. Nilimwambia amejitwika kifo ambacho si chake, na kwamba yule mzee ana haki ya ukweli, na kwamba hata baba ana haki ya kuusema. Alisikiliza yote. Alisema tu kwamba baba alijaza lile shimo kwa sababu yeye alimwomba.

Baba alikuwa bandani. Alipotuona tukirudi mchana, kabla ya wakati wa kila siku, alisimama, na nilijua anafikiri nimesema. Kaka alivuta kigoda akaketi karibu naye. Nilileta chai, na kaka akanywa kikombe chake chote, cha kwanza nilichomwona akimaliza tangu mazishi.

"Tata," alisema, "lile shimo la kona limerudi."

Baba hakuondoa macho kwake. Chai ilikuwa ikimwagika kwenye vidole vyake na hakukiweka kikombe chini. "Limerudi," alisema.

"Tulijaze kesho. Changarawe tu."

Walilijaza asubuhi, wawili wao, baba akisukuma toroli na kaka akishindilia kwa gogo kwa mkono wa upande usioumia. Majirani walitazama kutoka kwenye migomba yao. Walipomaliza, baba alienda kisimani akarudi na ndoo ya maji, akaimwaga yote pale. Alivua viatu. Akapita juu yake kwa miguu mitupu, akikanyaga kwa nguvu na kusukuma nyayo mbele, akitafuta mahali patakapomponyoka, akaenda akarudi, akaenda akarudi. Kisha akachota ndoo nyingine. Aliendelea hivyo mpaka kaka akashuka barabarani, akamshika mkono.

"Inashika, Tata," alimwambia. "Inatosha."

Baba akaenda akarudi tena, akimvuta kaka nyuma yake.